Rafiki Asiyeuliza

Kijiwe ni jiwe dogo, lakini kila aliyekulia mjini anajua kwamba maana ya neno hili imeshahama. Kijiwe ni mahali wanaume wanapokaa. Si lazima pawe na jiwe. Panaweza kuwa na gogo, benchi lililovunjika mguu mmoja, tairi la lori lililolazwa chini au kreti la soda lililogeuzwa. Arusha, ambayo vijana wake wanaiita Chuga, ina vijiwe vya kila namna: vya kahawa chungu na kashata, vya drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda, vya bodaboda, vya madalali wa viwanja. Kuna aina moja ambayo nataka kuizungumzia hapa kwa sababu imenisumbua kwa karibu mwaka mzima. Ni karakana. Yaani ile sehemu ya kazi ya seremala au mchomeleaji, ambapo watu watatu wanafanya kazi na watu sita wapo tu.

Hao sita ndio wanaonishughulisha. Wanakuja asubuhi, wanasalimia, wanakaa. Mmoja anashika ubao mwenzake akate. Mwingine anapiga msasa mguu wa stuli ambayo si yake. Wanabishana kuhusu Simba na Yanga, bei ya mafuta, mwendo wa mvua. Jioni wanaondoka. Ukiwauliza wanafanya nini pale, watakwambia, “Tupo.” Swali langu ni hili: mtu anayekaa karibu nawe kila siku, anayekusogezea kiti na kukununulia chai, lakini hajawahi hata mara moja kukuuliza hali yako kwa maana ya kusubiri jibu, huyo anakutunza au anakukwepa?

Nchini Australia swali hili limeshajengewa majengo. Katika miaka ya 1990 watu walianza kuona kwamba wanaume wengi waliostaafu, au waliopoteza kazi au wake, walikuwa wanazeeka peke yao ndani ya nyumba. Hawakwenda kliniki. Hawakwenda kwenye vikundi vya ushauri. Ukiwaita waje “kuzungumza kuhusu hisia zao” hawaji. Lakini ukiwaambia kuna banda lenye misumeno na kuna viti vya shule vinahitaji kutengenezwa, wanakuja. Mwaka 1998, katika mji mdogo wa Tongala, jimbo la Victoria, likafunguliwa banda lililoitwa waziwazi banda la wanaume, na mengine yakafuata. Mwaka 2007 mabanda hayo yakaunda chama chao cha kitaifa. Leo Australia ina mabanda zaidi ya 1,000, na wazo limevuka bahari hadi Ireland na Uingereza. Wanapolieleza husema, kwa maneno yangu, kwamba wanaume hawaongei wakitazamana usoni. Wanaongea wakiwa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye kazi.

Mtu wa Arusha akisikia habari hii anaweza kucheka. Wazungu wamelazimika kuunda chama na kuandika katiba ili kupata kitu ambacho sisi tunacho pale Mbauda bila kuomba kibali. Nami nilicheka kidogo. Lakini kicheko hicho kinapita haraka, kwa sababu wao wanajua kwa nini wanacho. Sisi tunacho, na kazi yetu kubwa ni kukitukana.

Nitaeleza kilichonifikisha hapa. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa malori kwa miaka 28, safari za Namanga na Nairobi, mpaka macho yalipomwambia basi. Muda si mrefu baada ya kustaafu, mkewe akafariki. Tulizika mlimani, Akheri, kwenye migomba. Watu walikuja wengi, kamati ikafanya kazi yake, nyimbo zikaimbwa, kisha kama kawaida kila mmoja akapanda gari akaondoka. Baba mdogo akarudi mjini kwenye nyumba yenye vyumba vitatu na mtu mmoja. Baada ya wiki chache tukasikia anashinda kwenye karakana ya seremala kule Mbauda. Halipwi. Anapiga msasa.

Kwenye kikao cha familia shangazi hakuuma maneno. “Mtu mzima mwenye wajukuu anashinda kijiweni kama chalii asiye na kazi? Watu watasema hana watoto.” Pendekezo lake lilikuwa kwamba baba mdogo arudi Akheri akakae kwa mwanawe mkubwa, nyumba ya mjini ipangishwe. Ni pendekezo la heshima kabisa. Kule kuna chakula, kuna wajukuu, kuna kanisa karibu. Na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, nikapewa kazi: nenda ukaangalie anafanya nini huko.

Hofu ya shangazi haikuanzia kwake. Taifa letu lina mgogoro wa zamani na mwanamume aliyekaa. Mwaka 1962, katika maandishi yake kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere alikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kusema kwamba katika jamii ya zamani uvivu ulikuwa aibu isiyovumilika. Mwaka 1983 ikaja sheria iliyofahamika kwa jina la Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi mijini wakasombwa kupelekwa mashambani. Kabla ya hapo na baada ya hapo, neno uzururaji limekuwa neno la polisi. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anakua akijua kwamba mwanamke akiwa amekaa na wenzake wapo kwenye kikoba, mwanamume akiwa amekaa na wenzake wanazurura. Ndiyo maana nadhani karakana imewasaidia wengi: inampa mwanamume kisingizio. Mkononi ana msasa. Askari akipita, shangazi akipita, ataonekana yupo kazini.

Basi nikaenda. Karakana yenyewe ni nguzo, mabati na maranda ya mbao yaliyojaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mbao nyingi ni paini na saiprasi kutoka mashamba ya miti ya huku Meru. Kuna harufu ya vanishi na redio inayokoroma. Nilipofika maongezi yalikatika, kama yanavyokatika popote mwanamke anapoingia penye wanaume kumi. Nikasema shikamooni. Mmoja akafuta stuli kwa kanzu yake ya kazi, akanisogezea. “Marahaba, mama. Karibu, kaa hapo kwenye kivuli.” Baba mdogo alinitazama, akatabasamu, akaendelea na msasa wake.

Nilirudi mara kadhaa. Nilichokiona kilinipendeza kwanza, kisha kikanikera. Kilinipendeza kwa sababu kila asubuhi chai ya baba mdogo ilikuwa imeshalipiwa kabla hajafika, na hakuna aliyetaja nani kalipa. Kilinikera kwa sababu miezi minane ilikuwa imepita tangu mama mdogo azikwe na sikusikia hata siku moja jina lake likitajwa. Siku moja baba mdogo alipokwenda msalani nikamuuliza fundi mwenye karakana.

“Fundi, samahani. Tangu mama mdogo afariki, mmewahi kumuuliza mzee anaendeleaje?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu.

“Kumuuliza nini, dada? Si tunajua.”

Akarudi kwenye randa.

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu, na nakiri kwamba ni jibu zuri kuliko linavyosikika. Maswali mengi tunayomuuliza mfiwa si maswali. “Unaendeleaje?” mara nyingi ina maana ya niambie unaendelea vizuri ili nami niondoke na amani. Mfiwa anajua hilo, anajibu “Tunamshukuru Mungu”, anakuwa amekuhudumia wewe. Fundi alikataa kumtwisha mzee kazi hiyo. Alijua, na alitaka mzee ajue kwamba inajulikana. Chai iliyolipiwa bila jina la mlipaji ndiyo ilikuwa rambirambi yao, nao waliitoa kila siku baada ya sisi wenye suti nyeusi kuwa tumeshaondoka.

Tena kwa mtu kama baba mdogo, huenda hiyo ndiyo lugha pekee aliyoizoea. Miaka 28 aliongea na utingo wake huku macho yote mawili yakiwa barabarani. Mambo makubwa ya maisha yake, aliniambia baadaye, aliyasema kwenye kabini usiku, kati ya Longido na Namanga, kwa mtu ambaye hakumwona uso. Ukimkalisha mtu huyu mbele ya mshauri, magoti yakitazamana, atahisi yupo kituo cha polisi.

Lakini Aristotle angebisha. Kwenye kitabu chake cha maadili alitenga sehemu ndefu kuhusu urafiki, akaugawa katika aina tatu: ule wa manufaa, ule wa starehe, na ule wa watu wanaotakiana wema kwa ajili ya wema wenyewe. Kisha akasema jambo linalowagusa watu wa karakana moja kwa moja. Kwa binadamu, anasema, kuishi pamoja maana yake ni kushirikiana maneno na mawazo. Ng’ombe ndio ambao kuishi pamoja kwao ni kula majani kwenye uwanja mmoja. Kwa kipimo hicho wale sita wa Mbauda ni kundi la ng’ombe kwenye maranda.

Mtu wa huku kwetu atasema Aristotle hakuwahi kuchunga. Waliochunga wanajua kwamba ng’ombe mmoja akitengwa na wenzake hatulii, na akirudishwa zizini hata kama hakuna anayemfanyia lolote, anaanza kula. Mwili wa mwenzako ulio karibu ni habari tosha. Napenda jibu hilo. Lakini halimalizi hoja, kwa sababu hakuna anayedai kwamba kukaa karibu hakuna faida. Hoja ni kama kunatosha. Na hapa lazima nikosoe kitu ambacho hata wale wa Australia wanakielekea, na ambacho sisi tunakirudia kama amri ya Mungu: kwamba wanaume kwa asili yao hawaongei.

Historia ya mlima huu inakataa. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliishi miongoni mwa Waarusha kwenye miteremko ya Meru, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu namna walivyomaliza migogoro yao. Alichokikuta ni jamii ambayo, nje ya mahakama na machifu waliowekwa na serikali ya kikoloni, haikuwa na hakimu mwenye nguvu ya kulazimisha hukumu. Ugomvi wa shamba, wa mahari, wa matusi, uliisha kwa mazungumzo. Watu walikaa, kila upande ukiwa na ndugu na wanarika wake, wakaongea mpaka njia ikapatikana. Hao walioongea walikuwa wanaume. Waliongea mchana kutwa. Maneno ndiyo yalikuwa siasa yao, sheria yao na silaha yao.

Na rika lenyewe halikuwa genge la kukaa tu. Waarusha, kama ndugu zao Wamaasai, wanapita marika kwa pamoja: Seuri, kisha Makaa, kisha Landiss, kisha Korianga. Mwanarika wako si rafiki uliyemchagua. Ni mtu mwenye haki juu yako. Anaweza kulala kwako, anaweza kukukemea, anaweza kukudai uwepo. Wanaume walipokwenda porini kwenye olpul na fahali wao, wakakaa siku nyingi wakila nyama na kunywa supu ya magome na mizizi, walikuwa wanajenga miili, ni kweli, lakini walikuwa pia kwenye faragha ambayo mambo yasiyosemeka nyumbani yangeweza kusemwa.

Sitaki kupamba zamani. Mfumo ule ulimweka kijana mahali pake na mwanamke mahali pa chini zaidi. Ninachosema ni kidogo: mwanamume asiyeongea si wa asili. Ni wa juzi. Ametengenezwa na lori, na kiwanda, na chumba cha kupanga, na mji ambao jirani hana haki ya kukudai chochote. Karakana imerithi kukaa pamoja kwa rika, lakini haikurithi wajibu wa rika.

Gharama ya pengo hilo niliiona kabla mwaka haujaisha. Kati ya watu wa karakana kulikuwa na kijana mmoja mchomeleaji, mcheshi, fundi mzuri wa mageti. Alichukua mkopo, ile mikopo ya kausha damu ambayo riba yake inakua ukiwa umelala. Akachukua mwingine kulipa wa kwanza. Akauza grenda, akasema imeibiwa. Akauza mashine ya kuchomelea, akasema ameipeleka matengenezo. Watu wa karakana waliona kila kitu. Hawakuuliza. Kisha akaacha kuja, siku tatu, wiki, siku kumi, na bado hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Baadaye ikafahamika kwamba alijaribu kujitoa uhai. Aliokolewa. Nyumbani walisema ni malaria.

Hapa jibu la fundi, “si tunajua”, linabomoka. Walijua kuhusu mzee kwa sababu msiba wa mzee ulikuwa na jeneza, na jeneza huonekana. Aibu ya kijana haikuwa na jeneza. Kuna maumivu ambayo jamii imeyapa sherehe, na hayo mtu anaweza kuyatunza kimya kimya kwa sababu sherehe imeshasema. Na kuna maumivu ambayo hayana sherehe yoyote: deni, kushindwa kitandani, kufukuzwa kazi, kutokupenda tena kuamka. Kwa hayo, anayenyamaza hajui. Anakisia tu, na kukisia kunamrahisishia.

Hata sheria inasukuma watu kwenye malaria ya uongo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinakiuka Katiba. Kwetu bado kipo. Fikiria maana yake kwa mtu wa karakana: ukimuuliza mwenzako swali la kweli na akakupa jibu la kweli, mnaweza kuwa mmeshika kosa la jinai mikononi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na wanaume hufa hivyo zaidi ya mara mbili ya wanawake. Namba hizo zinasomwa kwenye semina hotelini. Karakanani hazifiki.

Je, basi dawa ni maneno? Wapenzi wa fasihi tunapenda kusema ndiyo, kwa sababu maneno ndiyo duka letu. Lakini kumbuka Kichwamaji cha Kezilahabi, riwaya ya 1974. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Maneno anayo kuliko mtu yeyote kijijini kwake. Anafikiri, anachambua, anabishana kuhusu maana ya maisha, na mwisho anajiua. Hakukosa msamiati. Ukisoma tena utaona mtu ambaye mawazo yake hayakuwahi kupata mahali pa kutua, kazi ya mikono iliyo mbele ya watu wawili, benchi. Maneno yasiyo na benchi yalimzungusha ndani ya kichwa chake mwenyewe. Kijana wetu alikuwa na benchi lisilo na maneno. Sioni kwamba mmoja alikuwa salama kuliko mwenzake.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulikwepa, hasa nikiwa mwanamke. Wakati wanaume tisa wamekaa bega kwa bega wakiponyana, nani anapika? Mama mdogo, Mungu amrehemu, alilea watoto wanne mumewe akiwa barabarani. Hakuwa na karakana. Alikuwa na kikoba, na hata huko aliongea huku anahesabu hela. Nimekaa kwenye vijiwe vya kutosha kikazi kujua kwamba maongezi yanayokatika mwanamke anapofika si mara zote maongezi ya majonzi. Mengine ni machafu, na mwanamke ndiye anayechafuliwa. Kwa hiyo anayetaka kukitetea kijiwe asiseme kwamba wanaume wameonewa. Serikali ilipoagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mwanamume aliyepita umri wa ujana hakutajwa, na simlilii sana. Kwa karne nyingi yeye ndiye aliyekuwa anagawa.

Lakini pingamizi hilo, nikilifuata hadi mwisho, linanirudisha karakanani. Mwanamume asiye na mahali pa kuweka uzito wake anaurudisha nyumbani. Anauweka kwa mke, kwa ukimya au kwa ngumi. Wanawake wengi ninaowajua wamegeuzwa kuwa rafiki pekee wa mume, daktari wake, padri wake na jalala lake, na kazi hiyo haina mshahara. Kama wanaume watajifunza kubebana wao kwa wao, hilo si zawadi kwa wanaume peke yao. Ni sehemu ya deni lao kwetu.

Msimamo wangu ni huu. Kukaa pamoja hakutoshi, lakini ndiko kunakotoa haki ya kuuliza. Mgeni akiniuliza nina deni kiasi gani, amenivunjia heshima. Aliyekaa nami miezi minane akila vumbi lile lile akiniuliza, ametumia haki aliyoilipia. Kosa la watu wa karakana halikuwa ukimya wao. Waliweka akiba siku hadi siku, halafu siku ya shida hawakuitoa. Urafiki wa kimya ni wa kweli pale tu unapokuwa tayari kuuvunja ukimya wake. Rafiki asiyeuliza kwa sababu anajua ni rafiki. Asiyeuliza kwa sababu hataki kujua, huyo ni jirani wa kiti tu.

Hili halihitaji wanaume wageuke wawe wengine. Tangu yaliyompata kijana, fundi ameanzisha kitu ambacho hakukitangaza. Mtu asipoonekana siku mbili, anampigia simu. Haulizi kuna nini. Anasema, “Oya, nina mlango mzito hapa, njoo unisaidie kuinua.” Mara nyingi mlango haupo, au upo na unainuliwa na mtu mmoja. Nilimwambia fundi kwamba huo ni uongo. Akasema, “Ni uongo, ndiyo. Lakini anakuja.” Na akija, kuna wakati wa kushika mlango, na kuna wakati baada ya kushika mlango, jasho likiwa linakauka, ambapo fundi siku hizi husema sentensi moja bila kumtazama mtu: “Siku hizi naona hauko sawa.” Si swali hata hivyo. Ni mlango ulioachwa wazi. Kijana alirudi kwa njia hiyo. Deni lake bado lipo, lakini sasa lina watu wanne wanaolijua kwa tarakimu zake, na wawili walikwenda naye kwa mkopeshaji kuomba muda. Anaonana pia na daktari, kwa sababu karakana si hospitali na fundi ndiye wa kwanza kusema hivyo.

Kwa hiyo nimeshajua nitakachowaambia ndugu zangu tutakapokutana Akheri mwezi Desemba, wakati watu wa kaskazini wanaporudi nyumbani na mambo ya ukoo yanapowekwa mezani. Nitamwambia shangazi, kwa heshima zote, kwamba kule mlimani mzee atapewa chakula, atapewa wajukuu, ataulizwa kila asubuhi anaendeleaje na atajibu anamshukuru Mungu. Mbauda anaamkiwa na watu ambao asipofika kwa siku mbili watatunga uongo wa mlango ili wamwone. Nyumba ya mjini ikipangishwa tutapata kodi kila mwezi, na hesabu yake ni rahisi kufanya. Hesabu ya ile stuli iliyo wazi inayomsubiri haijawahi kufanywa na ukoo wowote ninaoujua. Nitapendekeza safari hii tuifanye, yeye mwenyewe akiwepo, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike, tumuulize anataka nini, kisha tukae kimya mpaka ajibu.